Kabla hujamtumia mzabuni dodoso la mazingira

Nimekaa idara ya manunuzi miaka mingi, na sijaona barua pepe inayopuuzwa kama ile yenye dodoso refu la mazingira na tarehe ya mwisho. Wenzangu husema wazabuni hawajali. Mimi naona wamesoma vizuri tu: dodoso halitaji oda wala malipo, basi wakaliweka kando.

Nasi tunawahitaji kweli. GHG Protocol, utaratibu wa kimataifa wa kuhesabu gesi joto (zile zinazoongeza joto duniani), hugawa gesi za kampuni katika mafungu 3. La tatu, la mnyororo wa thamani, yaani gesi zinazotoka nje ya kampuni, kwa wanaotuuzia na wanaotumia bidhaa zetu, lina vipengele 15, cha kwanza kikiwa bidhaa na huduma tunazonunua, na kwa kampuni nyingi ndilo fungu kubwa kuliko yote. Takwimu zake ziko kwenye bili za umeme za mzabuni. Kwa hiyo usimwombe “tani za kaboni”. Mwombe uniti za umeme na lita za dizeli za mwaka mzima, hesabu ya kugeuza ufanye wewe, kisha umrudishie majibu yanayomfaa, kama vile umeme unaopotea kwa kompresa zinazovuja hewa. Na kama amekwisha kumjazia mteja mwingine fomu ya aina hiyo, ipokee.

Ila kazi nzito iko kwenye pesa. Ukidai mpango wa kupunguza gesi huku ukimkaba bei na kumlipa baada ya siku 90, ataamini hilo la pili, na nani atamlaumu? Mwaka 2016 Puma, kampuni ya viatu na nguo za michezo, na benki ya BNP Paribas walianzisha mpango ambao kiwanda chenye alama nzuri za mazingira na haki za wafanyakazi hupata fedha za ankara zake mapema kwa riba nafuu. Huo ndio mwaliko unaoeleweka. Usipoweza hivyo, refusha mkataba: hakuna atakayefunga paneli za sola kwa kutegemea oda za mwaka mmoja.

Anza na wale wachache unaowalipa fedha nyingi zaidi. Akikujibu mmoja wao “hatuna kumbukumbu”, usimkate alama. Ukimwadhibu kwa kusema kweli, mwakani atakuletea namba za kubuni, nawe utaziweka kwenye ripoti na kuzitia sahihi.