Jeni ya telomerasi: imezimika au imezimwa?

Swali: Nafundisha baiolojia sekondari hapa Moshi. Mwanafunzi wangu kaandika kwenye gazeti la ukutani: "Katika seli nyingi za mwili jeni ya telomerasi imezimika, na telomeri zinafupishwa kila seli inapogawanyika." Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili anataka "imezimwa". Lipi sahihi?

Jibu: Mwalimu, "imezimika" na "imezimwa" yote ni Kiswahili safi, ila hayasemi jambo moja. Kiambishi -ik- hueleza hali bila kumgusa mtendaji. Kiambishi -w- hutuambia mtendaji yupo, hata asipotajwa. Mkazi wa Pasua akisema maji yamekatika, anasubiri yarudi; akisema yamekatwa, kuna bili haijalipwa.

Sasa tazama seli. Jeni ya TERT, inayotoa sehemu kuu ya telomerasi (kimeng'enya kinachorefusha telomeri), huzimwa katika seli nyingi mwili unapojengeka: protini huikalia na DNA yake hufungwa isisomeke. Mtendaji yupo, kwa hiyo mwenzako ana haki.

Lakini kalamu nyekundu ningeipeleka kwenye "zinafupishwa", ambayo nyote mmeipita. Telomeri ni ncha za kromosomu, zenye herufi za DNA TTAGGG zinazojirudia mara nyingi mno. Hupungua hasa kwa sababu vimeng'enya vinavyonakili DNA haviwezi kufika mwisho kabisa wa uzi. Ukiandika "zinafupishwa", msomaji atamtafuta mfupishaji. Andika "zinafupika". Kurefuka ni habari nyingine: pale telomerasi inapofanya kazi, kama kwenye seli za uzazi, huongeza herufi yenyewe, basi telomeri "hurefushwa".

Mkifika kwenye saratani, kumbukeni kwamba takriban asilimia 85 hadi 90 ya saratani zina telomerasi inayofanya kazi. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba katika melanoma, saratani ya ngozi, herufi moja tu ikibadilika mbele ya TERT, protini hupata mahali papya pa kushika na jeni huanza kusomwa. Hapo "imewashwa" inafaa kabisa. Chanzo kisipojulikana, "inafanya kazi" inatosha. "Imewaka" ningewaachia moto na taa.

Upatanisho nao: telomerasi imewashwa, lakini kimeng'enya cha telomerasi kimewashwa.

Sentensi ya mwanafunzi basi iwe: "Katika seli nyingi za mwili jeni ya telomerasi imezimwa, na telomeri zinafupika kila seli inapogawanyika."