Jibu: Nianze na Kakegurui Twin au na Kakegurui yenyewe?

Salaam ndugu. Umeuliza kuhusu Kakegurui, anime (katuni ya Kijapani) ya wanafunzi wanaocheza kamari: kama uanze na Twin kwa kuwa hadithi yake inatangulia, na kwamba huioni kwenye orodha ya misimu.

Angalia hili kwanza: Twin si msimu wa tatu. Netflix imeiweka peke yake, kwa hiyo andika jina lote unapotafuta. Ni ya 2022, vipindi 6 tu. Hakikisha ni ya kuchorwa, maana ipo pia tamthilia ya waigizaji yenye jina hilohilo.

Kuanza nayo? Hapana, anza na Kakegurui ya 2017. Twin inarudi mwaka mmoja nyuma, Yumeko, mhusika mkuu wa Kakegurui, hajafika Hyakkaou, shule yao ya kamari, na inamfuata Mary Saotome, mpinzani wake wa kwanza. Ukishaiona jeuri ya Mary kwenye kipindi cha kwanza kabisa, ndipo itakugusa kumkuta huku akiwa mgeni shuleni, mtoto wa familia ya kawaida, na rafiki yake wa utotoni, Tsuzura, anadhalilishwa kwa sababu ya madeni ya kamari. Binafsi namkubali Mary huyu kuliko hata Yumeko. Anacheza kwa hesabu, na akishindwa ana cha kupoteza. Maliza msimu wa kwanza, kisha njoo huku.