Sauti isiyolazimisha

Wiki hii mmeuliza kama sanaa ya sauti, yaani kazi za sanaa za kusikilizwa badala ya kutazamwa, inapendezesha maeneo ya umma. Kwangu kuna swali linalotangulia: nani kampa msanii ruhusa ya kuingia masikioni mwa mpita njia? Sanamu nisiyoipenda naipa mgongo. Sauti inanifuata. Viwanja na vituo vya mabasi vimeshajaa spika za matangazo. Kuongeza nyingine, hata kwa jina la sanaa, ni kumnyang'anya mtu utulivu kidogo aliobakiwa nao.

Ningeishia hapo, lakini nakumbuka Times Square, New York. Kwenye Broadway, kati ya mtaa wa 45 na wa 46, wapo watu wanaokanyaga wavu wa chuma wa kupitishia hewa ya reli ya chini ya ardhi bila kujua kilichomo. Mwaka 1977 msanii wa Marekani Max Neuhaus aliweka humo mtambo wenye mvumo usiokatika, kama mlio wa kengele unaobaki hewani baada ya kugongwa. Ulizimwa 1992, ukarudishwa 2002. Kibao cha maelezo Neuhaus hakukitaka, alitaka mtu augundue mwenyewe.

Niliposimama pale nilikuwa nimeshaambiwa, na bado mvumo ulichelewa kunifikia. Kwanza magari tu. Kisha kitu kizito kikapanda kutoka chini. Nikasogea hatua moja, sauti ikabadilika. Nikainamisha kichwa, ikabadilika tena. Mama mmoja aliyekuwa akiburuta sanduku akasita, akatazama chini, akaenda zake. Kijana mwenye simu sikioni alisimama juu ya wavu uleule, akamaliza mazungumzo yake, akaondoka bila kushtuka. Hakuna aliyelazimishwa, na hapo moyo wangu ukalegea. Hata kelele za jiji nikaanza kuzipambanua: breki za basi huku, king'ora kule, watu wakicheka nyuma yangu.

Ogani ya bahari ya Zadar, Kroatia, aliyoisanifu Nikola Bašić mwaka 2005, nayo haina ubabe: mawimbi husukuma hewa kwenye mabomba yaliyo chini ya ngazi za ufukweni yakalia, na bahari ikitulia, nayo hunyamaza.

Basi kazi za sauti ziwekwe, ila kwa sharti. Mpita njia husikia dakika mbili. Anayefanya kazi au kulala jirani husikia kutwa kucha. Huyo aulizwe kabla ya waya wa kwanza kufungwa, na aulizwe tena baada ya miezi kadhaa. Akisema imemchosha, izimwe, hata kama wageni wanaisifu. Najua sharti hili litaua kazi nzuri kadhaa. Ile ya Neuhaus, hata hivyo, ningeitetea mbele ya jirani yeyote.