Presha ya mdogo wako haikuletwa na mawazo, huenda imeanzia kwenye kondo la nyuma

Pole sana dada. Umeuliza kama presha ya 150/100 ya mdogo wako aliyeko Tukuyu, mimba ya wiki 30, imeletwa na mawazo na chumvi kama wifi zake wanavyosema. Kabla hujaendelea kusoma, mpigie simu. Kichwa kinamuuma? Anaona vimulimuli? Chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia panauma? Likiwepo hata moja, aende hospitali sasa hivi. Na hata kama hakuna, presha ya 150/100 yenyewe inatosha aende leo hii, asingoje tarehe ya kliniki.

Presha ya mimba, ile madaktari wanayoiita pre-eclampsia, mimi ilinikuta mwaka 2019, mimba ya kwanza, nikiwa Uyole msimu wa kuvuna viazi. Pete ya ndoa iligoma kutoka hata kwa sabuni, nikasema ni uchovu wa shamba. Wiki ya 33 nesi alinipima mara mbili, kisha akachovya kikaratasi cha manjano kwenye mkojo wangu, kikageuka kijani naona. Maana yake figo zilikuwa zinavujisha protini. Nikachomwa sindano za magnesiamu matakoni ili nisianguke kifafa cha mimba, mwili wote ukawaka moto. Wakanianzishia uchungu. Baada ya kujifungua, mkunga alinionesha kondo: dogo, lina mabaka meupe, magumu ukigusa. Akaniambia, "Mwanao alikuwa anakula hapa."

Tangu siku hiyo nimeuliza kila daktari niliyekutana naye. Mimba ikiwa changa, chembe za kondo huingia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kupanua mishipa midogo ya damu ya mama, kama wakulima wa Mbarali wanavyopanua mfereji ili maji yafike majaruba yote. Kwa wengine upanuzi huo unaishia njiani, mishipa inabaki myembamba. Mtoto akikua, kondo linakosa damu ya kutosha, nalo linamwaga kwenye damu ya mama protini, mojawapo inaitwa sFlt-1. Hiyo inanasa vichocheo vinavyolinda utando wa ndani wa mishipa. Utando ukidhurika mishipa inabana na kuvuja: presha inapanda, figo zinapitisha protini, uso unavimba. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwapa panya wenye mimba protini hiyo, wakapata presha na protini kwenye mkojo.

Kwa nini mishipa haipanuki, hapo sababu ni zaidi ya moja. Kondo limebeba vinasaba vya baba pia, kwa hiyo kinga ya mama inatakiwa ilizoee. Inadhaniwa ndiyo maana mimba ya kwanza huathirika zaidi. Damu ya ukoo nayo imo. Mama yangu mdogo alianguka kifafa cha mimba kule Chunya miaka ya themanini, ukoo ukatafuta mchawi. Kumbe mama au dada yako akiwahi kuugua, na wewe hatari yako inapanda. Mapacha, kisukari, ugonjwa wa figo, unene na presha ya tangu zamani pia huongeza.

Kwa hiyo wifi waache kumsimanga. Mawazo hayatengenezi kondo la namna ile, na kukata chumvi hakuzuii ugonjwa huu. Kilichonisaidia mimi mimba ya pili ni kwenda kliniki mapema na kusema yaliyonipata. Daktari alinianzishia aspirini ya dozi ndogo wiki ya 12, pamoja na vidonge vya kalsiamu, nikafika wiki ya 38. Mdogo wako asijianzishie mwenyewe. Wiki 30 aspirini imeshachelewa kumkinga kwa mimba hii.

Akienda abebe kadi ya kliniki na aombe mkojo upimwe. Na akishajifungua msimrudishe nyumbani mkadhani yameisha: presha inaweza kupanda tena siku za mwanzo, na kifafa kinaweza kuja mtoto akiwa tayari mgongoni. Mimi nilipimwa mpaka wiki ya sita.