Mtoto wa wiki 9 anageuza uso ninapomsemesha

SWALI: Mwanangu ana wiki 9. Nikimsemesha hunitazama na kutabasamu, kisha ghafla hugeuza uso. Je, ana tatizo? Na kumsemesha kwa sauti ya kitoto kutamchelewesha kuongea?

JIBU: Mama, hayo ni mazungumzo, na kugeuza uso ni zamu yake ya kusema "ngoja kwanza". Kukutazama kunamsisimua sana. Akiondoa macho anatulia, kisha hurudi mwenyewe. Kosa tunaloliona sana kliniki ni mzazi kuufuata uso wa mtoto upande alikogeukia, huku akipaza sauti au kutikisa kichezeo. Nyamaza, baki pale pale, umsubiri. Akianza kupiga miayo, kukunja uso au kujipinda mgongo, ametosheka. Mpumzishe.

Usidhani wewe ndiye unayeanzisha kila kitu. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao, kisha wakaushe uso bila kuonyesha hisia yoyote na kunyamaza kwa dakika chache tu. Watoto walitabasamu, wakatoa sauti, wakanyoosha mikono ili wamrudishe mama mchezoni. Waliposhindwa, wakageuka pembeni wakiwa wanyonge. Tafiti zake zilionyesha pia kwamba hata mama na mtoto wanaoelewana hupishana mara kwa mara. Muhimu ni kurudiana baada ya kupishana. Kwa hiyo usijilaumu kwa kila zamu iliyokupita.

Sauti ya kitoto haimcheleweshi. Ile sauti nyembamba, ya polepole, yenye irabu zilizovutwa, ndiyo watoto wachanga huisikiliza zaidi. Ila tumia maneno halisi. Sauti yako yenyewe aliizoea tangu tumboni: mwaka 1980 watafiti DeCasper na Fifer walionyesha kuwa watoto wenye siku chache tu hubadili namna ya kunyonya chuchu bandia ili wasikie sauti ya mama badala ya ya mwanamke mwingine.

Weka uso wako sentimita 20 hadi 30 kutoka kwake, sema sentensi fupi, kisha nyamaza kwa sekunde kadhaa. Akitoa "aguu", mjibu kwa "aguu" yake.

Mpeleke kwa daktari ikiwa hashtuki kwa kelele kubwa, hakutazami usoni kabisa, au amefika miezi 3 bila kutabasamu akichezewa. Wako anatabasamu tayari.