Fildi kwenye shirika kubwa: maswali yenu kutoka Kigoma

Vyuo vikifungwa Julai, wanafunzi wengi wa Kigoma wanaosoma Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya hurudi nyumbani kufanya mafunzo kwa vitendo, yaani fildi. Nyumbani hakuna kodi ya chumba, na taasisi kubwa zipo: bandari, reli, TANESCO, mamlaka ya maji, mabenki, Hospitali ya Maweni, na mashirika yanayohudumia wakimbizi Kasulu. Maswali yaliyotufikia ni mengi. Tumechukua yale ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

Shikamooni. Nilipeleka barua ya kuomba fildi mwezi wa sita, mpaka leo kimya. Niandike nyingine? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Gungu)

Marahaba. Usiandike nyingine. Katika ofisi ya umma barua yako huingia masijala (chumba kinachopokea na kutunza barua na majalada), ikagongwa muhuri na kupewa namba, ikawekwa kwenye jalada. Jalada hupanda kwa mkuu wa ofisi, naye huandika maelekezo. Hapo hushuka idara ya utumishi, halafu huenda kwenye idara husika kuulizwa kama ina nafasi, kisha hurudi njia ileile. Kila meza inaweza kulichukua siku kadhaa. Barua ya pili inaanza mzunguko wake upya, na mara nyingi majalada mawili ya mtu mmoja huzaa mkanganyiko.

Nenda masijala mwenyewe na kopi ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Uliza mambo mawili tu: namba ya jalada, na liko kwa nani sasa. Ukishajua liko kwa nani, una mtu wa kumfuata kwa heshima.

Isome tena na barua yenyewe. Ukiandika "naomba nafasi idara yoyote", hakuna idara inayojiona imeombwa. Taja kozi, idara unayoitaka, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kazi mbili tatu unazoziweza tayari. Ambatisha barua ya utambulisho ya chuo, matokeo na kopi ya kitambulisho. Kwa mwakani, peleka Aprili.

Niko kitengo cha mizigo. Wiki ya pili sasa nakaa tu kwenye kiti, kila mtu ana haraka, hakuna anayenifundisha. Nifanye nini? (Mwanga)

Hili ndilo swali tulilopokea mara nyingi kuliko yote. Shirika kubwa halina mwalimu wa fildi. Lina watu wenye kazi zao, na kila mmoja anaijua sehemu yake ndogo. Ukisubiri mtu akukalishe akufundishe shirika zima, miezi miwili itakwisha.

Mwombe msimamizi wako ruhusa ya kufuatilia kazi moja tangu inapoanza hadi inapokwisha. Kwa kitengo chako, chagua mzigo mmoja, tuseme saruji iliyokuja kwa treni na inakwenda Bujumbura kwa meli. Usianze na mfumo mzima wa bandari. Katika kila kituo uliza: hati hii inaanzishwa na nani, inasainiwa na nani, kopi zake zinakwenda wapi, na ikikosewa nani ana ruhusa ya kuirekebisha? Swali hili la mwisho ndilo lenye utajiri, kwa sababu linakuonyesha mamlaka yako wapi.

Tazama hesabu inavyofanyika. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo behewa lililobeba tani 40 lina mifuko 800. Karani mmoja anahesabu inayotoka kwenye behewa, mwingine anahesabu inayoingia melini. Wakilinganisha na kusaini kila behewa linapomalizika, upungufu wa mifuko 12 unajulikana umetokea wapi, na waliobeba bado wako palepale. Wakisubiri jioni, baada ya mabehewa matano na mifuko 4,000, upungufu uleule hauna mwenyewe. Angalia pia iliyopasuka inaandikwa wapi. Isipohesabiwa kando itaonekana imeibwa.

Ukimaliza, chora njia yote kwenye ukurasa mmoja kwa visanduku na mishale, umpelekee msimamizi aisahihishe. Mtu mwenye haraka hupata dakika tano za kusahihisha mchoro hata kama hana saa moja ya kutoa somo. Masahihisho yake ndiyo somo lenyewe, na mchoro huo ndio moyo wa ripoti yako.

Kuhusu kuuliza: hangaika mwenyewe kama nusu saa kwanza, andika ulichojaribu na ulipokwama, kisha kusanya maswali matatu manne uyapeleke pamoja. Usiende meli inapopakiwa. Saa nne wakati wa chai, au alasiri kazi ikitulia, utasikilizwa.

Nimepewa kuingiza orodha ya wanufaika kwenye Excel, na namba zao za NIDA (za kitambulisho cha taifa). Bosi anasema nimeziharibu, mimi naona nilinakili sawasawa. (Kasulu)

Inawezekana ulinakili sawasawa, na Excel ikaziharibu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikiona tarakimu tupu huichukulia kuwa ni namba ya kukokotoa, na huhifadhi tarakimu 15 za mwanzo tu. Tano za mwisho zinageuka sifuri. Kubadilisha mwonekano wa seli baadaye hakuzirudishi: zimepotea, itabidi uziingize upya kutoka kwenye fomu.

Dawa ni kubadilisha kolamu nzima iwe ya maandishi kabla hujaingiza chochote. Kisha kwenye kolamu ya pembeni weka =LEN(A2), fomula inayohesabu seli ya A2 ina herufi na tarakimu ngapi, na uishushe hadi mwisho. Kila mstari unatakiwa usome 20, au 23 kama mnaandika na vistari vyake vitatu. Mstari wenye 19 au 21 urudie.

Namba za simu hupoteza sifuri ya mwanzo kwa sababu hiyohiyo. Kontroo namba ya malipo ya serikali ina tarakimu 12, kwa hiyo haipotei mara moja, lakini Excel huweza kuionyesha kwa kifupi chenye herufi E. Ukihifadhi faili likiwa hivyo kwa mfumo wa CSV (faili la maandishi matupu), kinachoandikwa ni kile kifupi.

Kosa baya kuliko yote ni kupanga kolamu moja peke yake. Majina yanapangika, namba zinabaki zilipokuwa, na kila mtu anapewa namba ya mwenzake. Excel ikiuliza kama ipanue eneo la kupangwa, kubali. Na kabla ya kugusa orodha ya ofisi, hifadhi kopi yenye tarehe kwenye jina lake. Hao ni watu wanaosubiri huduma, na namba iliyokosewa inaweza kumrudisha mtu dirishani mikono mitupu.

Nalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, tofauti haiishi. Kuna njia ya mkato? (Fildi ya uhasibu, Ujiji)

Njia ya mkato hakuna, ila zipo dalili. Gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu zilizopishana: aliyeandika 46,500 badala ya 45,600 ameacha tofauti ya 900. Kisha igawanye kwa 2 na utafute kiasi hicho, kwani huenda kimeingizwa upande usio wake. Kama hakuna, angalia makato ya benki ambayo hayajaandikwa, na hundi ambazo bado hazijapelekwa benki. Usiingize mstari wa "marekebisho" ili hesabu ikae. Onyesha tofauti kama ilivyo, na orodha ya ulichokwisha kukagua.

Nasoma TEHAMA, lakini fildi yangu ni kubana nyaya za mtandao na kubadilisha wino wa printa. Najifunza nini? (Kigoma mjini)

Unajifunza mahali ambapo mitandao mingi huharibikia. Chukua waya mmoja tu. Mpangilio wa rangi za nyaya uitwao T568B, kilimi cha plagi kikiwa chini na ukihesabu kutoka kushoto, ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wengi hupanga jozi moja baada ya nyingine kwa kuwa inapendeza macho. Kipimo kinawasha taa zote nane, fundi anaondoka, halafu mtandao unasuasua. Sababu ni kwamba pini ya 3 na ya 6 lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja. Kipimo cha taa kinajua kama waya umefika, hakijui umesokotwa na nani.

Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo. Usizidishe mita 100 kutoka swichi ya mtandao hadi kompyuta. Kwangua waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hukatika upesi inapobanwa na kupinda.

Halafu anzisha daftari la hitilafu, hata kama ofisi haina: tarehe, chumba, dalili, chanzo, ulichofanya, muda uliotumika. Mwisho wa mwezi hesabu. Ukimwonyesha mkuu wa kitengo kwamba nusu ya simu zinatoka chumba kimoja, umefanya kazi ya TEHAMA kamili.

Fundi aliniambia nizime pampu kwa kitufe kisha nifungue mota. Inatosha? (Wilaya ya Uvinza)

Haitoshi, na usiiguse. Kitufe cha kuzima hukata kontakta tu (swichi ya sumaku inayowasha mota), na umeme unabaki umefika hapo. Kama pampu inaendeshwa na boya la tangi, maji yakishuka itawaka yenyewe mikono yako ikiwa ndani.

Utaratibu ni huu. Wajulishe wanaotumia mtambo. Zima swichi kuu ya mota hiyo, weka kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi. Mkiwa wawili, makufuli mawili. Tundika kibao chenye jina na saa. Bonyeza kitufe cha kuwasha kuhakikisha haiwaki. Sasa pima: jaribu kwanza mita yako kwenye umeme unaojua upo, kisha pima fezi kwa fezi mara tatu na kila fezi kwa ardhi mara tatu, halafu irudishe mita kwenye umeme ule wa kwanza. Hatua ya mwisho ndiyo huachwa, na ndiyo inayokwambia mita haikufa katikati ya vipimo. Kama mota inaendeshwa na kifaa cha kubadilisha kasi, subiri muda ulioandikwa kwenye kifaa, kwani ndani kuna chaji inayobaki hata umeme ukishakatwa.

Wewe ni mwanafunzi, kwa hiyo fanya hayo mbele ya fundi mwenye dhamana, kamwe si peke yako. Akikuharakisha, mwambie, "Fundi, naomba tufunge kwanza." Akikataa, rudi nyuma na umtafute msimamizi wa usalama. Hakuna alama za fildi zinazostahili mkono wako.

Logibuku (daftari la kazi za fildi) nijaze kila siku au wikiendi? (Kibirizi)

Kila siku, kabla hujatoka kazini. "Nilisaidia kazi za ofisi" haina maana kwa mkaguzi. "Nilikagua ankara 40, 3 zilikuwa na usomaji wa mita uliopungua kuliko wa mwezi uliotangulia" ina maana. Saini ipatikane kila Ijumaa. Msimamizi akisafiri, omba mapema nani atakaimu.

Msimamizi anasema atanisainia logibuku nikikubali kukutana naye gesti. Naogopa kufeli. (Jina na mahali tumehifadhi)

Mdogo wetu, hujakosea kitu. Hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007.

Usifute ujumbe wowote. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe, umtumie mtu mmoja unayemwamini ili zisibaki kwenye simu moja. Andika siku, saa, maneno aliyosema na nani alikuwa karibu. Usiende kukutana naye, hata kwa nia ya kumnasa peke yako. Kazi hiyo ni ya TAKUKURU, na namba yao 113 ni ya bure. Wana ofisi Kigoma. Mjulishe pia mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa chuo chako, leo, kwa maandishi. Mwombe akuhamishie kwa msimamizi mwingine, na umweleze kwamba saini imegeuzwa kuwa mtego. Kama amekushika au kukutishia, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Wiki ya mwisho nifanye nini zaidi ya kuaga? (Mwanga)

Andika ukurasa mmoja wa makabidhiano: kazi zilizokwisha, zilizobaki na zilipofikia, mafaili yako wapi, na nani anasubiri jibu. Mkabidhi msimamizi, akusainie kopi. Iombe barua ya uthibitisho siku kadhaa kabla, si siku unayoondoka. Picha za nyaraka zenye taarifa za wateja au wagonjwa zifute kwenye simu yako. Zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwenye ripoti tumia fomu tupu isiyojazwa. Rudisha helmeti, kizibao na kitambulisho, uandikiwe kwamba umerudisha. Mwisho, mwombe mtu wa TEHAMA aifunge akaunti yako siku hiyohiyo ukiwa umesimama hapo. Ikiachwa wazi, chochote kitakachofanywa kwayo kitasomeka kwa jina lako.