Shampuu ya asili imefanya nywele zangu zinate. Nivumilie?

Swali: Shikamoo dada. Niko Mikindani. Wiki tano zilizopita niliachana na shampuu ya dukani nikahamia ya asili, ya mafuta ya nazi, anayoitengeneza mama jirani yetu. Nywele zangu hazina dawa. Sasa zimekuwa nzito, zinanata kama zimepakwa nta, na kitana kikipita kinatoka na utando mweupe. Naambiwa nivumilie, eti kichwa kinatoa sumu za shampuu ya zamani. Tunaoshea maji ya kisima. Nivumilie mpaka lini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usivumilie. Unywele ukishachomoza kwenye ngozi hauna uhai tena, kwa hiyo hauna sumu ya kutoa wala njia ya kuitolea. Utando unaouona kwenye kitana si mabaki ya zamani. Unautengeneza upya kila unapoosha.

Muulize jirani yako jambo moja tu: anatumia kostiki soda? Akisema ndiyo, basi hiyo ni sabuni. Ni ya asili kweli, ni ya nazi kweli, lakini ni sabuni, ndugu wa sabuni ya mche. Na sabuni ikikutana na kalsiamu na magnesiamu kwenye maji, inagandana nayo kuwa utando usioyeyuka. Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, jiwe lile lile lililojenga nyumba za kale za hapo Mikindani, na jiwe hilo ni chokaa. Angalia ndani ya birika lenu: kama lina ukoko mweupe, chokaa hiyo hiyo ndiyo inayogandana na sabuni kichwani mwako.

Pima mwenyewe leo. Chukua chupa mbili za plastiki zinazoonyesha ndani, moja utie maji ya kisima, nyingine maji ya mvua au ya kunywa ya dukani. Weka kiasi sawa cha shampuu yako kila moja, utikise. Ya kisima ikitoa povu haba na maji yakawa kama tui lililokatika, umepata jibu.

Shampuu ya dukani ilikuwa haikusumbui hivi kwa sababu kisafishio chake, salfeti, hakigandi ovyo kwenye maji ya chokaa. Tena salfeti hiyo mara nyingi chanzo chake ni mafuta ya nazi au ya mawese. Ndiyo maana neno “asili” kwenye chupa halinitoshi mimi; nataka kujua mafuta yamegeuzwa kuwa nini.

Sasa toa huo utando. Osha mara mbili kwa ile shampuu yako ya zamani, uiache dakika mbili ndani ya povu. Kisha changanya kijiko kikubwa kimoja cha siki kwenye lita moja ya maji, mwagia taratibu, halafu suuza. Sabuni ina pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda) ya 9 hadi 10, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5. Siki inarudisha magamba ya unywele yalale, na kitana kitapita. Ndimu siipendi kwa kazi hii: ikibaki kwenye ngozi ukatoka juani, inaweza kukuunguza na kukuachia mabaka meusi.

Kama bado unataka kuacha salfeti, na sikukatazi, tafuta shampuu ya maji isiyopikwa kwa kostiki, yenye visafishio laini vya sukari na nazi. Maji ya suuza ya mwisho yachemshe, yaache yapoe na kutulia, umimine ya juu tu. Sehemu kubwa ya chokaa itabaki chini ya sufuria, ingawa chumvi ya bahari haitoki kwa kuchemsha.

Mafuta ya nazi yenyewe usiyaache. Yapake usiku wa kuamkia siku ya kuosha. Asidi yake ya lauriki inapenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta mengi mengine hayawezi.

Na sabuni ya jirani usiitupe. Mvua za Desemba zikianza, acha ya kwanza ioshe bati, kisha kinga ndoo mbili, uoshe nywele kwa sabuni hiyo na maji hayo yasiyo na chokaa.